Kimya cha Alhamisi Asubuhi

Mlango ulifunguliwa Jumapili moja saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, tukiwa katikati ya kimya, akaingia mwanamume ambaye hakuna kati yetu aliyemjua. Alikuwa mnene kiasi, umri wa miaka hamsini hivi, koti lake la buluu limelowa mvua mabegani. Kwa mkono mmoja alikumbatia kifurushi, na kwa mkono wa pili alishika kile kimashine ambacho watu wa kupeleka mizigo hutembea nacho. Alitutazama. Tulikuwa watu saba kwenye mabenchi yaliyopangwa mraba, macho tumefumba, mikono tumeiweka mapajani. Nilifumbua jicho moja nikamwona anavua kofia. Kisha akaketi kwenye benchi la karibu na mlango, taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akaweka kifurushi magotini.

Ibada yetu ya Skelbeck, kijiji chetu cha bondeni, ni hiyo tu. Hatuna mchungaji wala kinanda. Tunakaa mbele za Mungu tukimngoja, na anayesukumwa moyoni kusema neno husimama akalisema, kisha akaketi. Jumapili nyingi hakuna anayesimama. Saa moja ikiisha, Amos Metcalfe, mfugaji wa kondoo aliyekabidhiwa kuiangalia ibada, humpa jirani yake mkono, nasi wengine tunapeana mikono, basi, imekwisha.

Ningeweza kuinuka nimuulize yule mgeni anataka nini. Kimashine nilikiona. Lakini mtu akishaketi katika kimya chetu hatumsumbui, tunaamini ameletwa. Nikafumba jicho langu na kushukuru kwamba angalau kulikuwa na mmoja aliyeletwa siku ile, maana mimi mwili wangu tu ndio uliokuwepo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi tisa kabla. Nilirudi kwa wazazi wangu nikae wiki mbili, na wiki mbili zikawa miezi tisa. Siku nne kwa wiki nilikata jibini dukani na kuifunga kwa karatasi, na Jumapili niliketi kwenye benchi lile nikimwambia Mungu: niko tayari, nitumie, mbona hunitumii? Kisha nilinyamaza ili ajibu, na wakati wa kunyamaza nilikuwa nikitunga kichwani barua inayofuata ya kuomba kazi. Nilikuwa nimeandika thelathini na moja. Niliyoitaka kwa moyo wote ilikuwa moja. Shirika dogo la Manchester lilitafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto wa wakimbizi waliofika mwaka ule. Barua yao niliiandika kwa siku nne. Wiki tano zilikuwa zimepita, hata neno moja sijapata.

Saa tano na nusu ilifika. Nilimngoja Amos anyooshe mkono, hakunyoosha. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Winifred Capstick, mwenye miaka themanini na mmoja, alikohoa mara mbili, na kikohozi kile hakikuwa cha mafua. Amos alitulia tuli. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi alipompa jirani yake mkono, kisha akaenda moja kwa moja kwa mgeni, uso wake umechangamka.

"Karibu sana, rafiki," alisema. "Niliona ulivyozama. Sikuwa na moyo wa kukukatiza, ndiyo maana nikairefusha."

Mgeni alimtazama, kisha akakitazama kifurushi. "Namtafuta Capstick," alisema. "Anatakiwa aweke sahihi."

Sisi ni watu tuliozoea kimya, lakini kile kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine.

"Unataka kuniambia," Winifred alisema, "umekaa saa nzima unangoja sahihi?"

"Saa nzima kamili, bibi. Nilidhani mna msiba. Nilikuwa natafuta jeneza mmeliweka wapi."

Winifred alicheka mpaka akashika ukingo wa benchi. "Amos, umemteka mtu wa watu."

"Sasa mbona hakusema?" Amos aliuliza, masikio yamemwiva.

"Aseme vipi, na wewe umekaa pale kama umemezwa na ukuta?"

"Nilitaka kusema," mgeni alisema. "Kwanza nikajiambia, ngoja dakika moja, watamaliza. Baadaye nikajiambia, sasa nimeshakaa, nikitoka ni aibu. Halafu..." Alikigeuza kimashine mkononi. "Halafu sijui. Niliacha kujiambia."

Kifurushi kilikuwa na birika la umeme ambalo Winifred aliliagiza kwa ajili ya ibada yetu, maana la zamani lilikuwa limeungua. Tulilifungua palepale, na kikombe cha kwanza akapewa yeye, pamoja na kipande kinene cha keki ya tangawizi ya Winifred. Alikunywa akiwa amesimama. Kimashine chake kilikuwa kikilia mfukoni kama kifaranga.

"Wanasema nimechelewa," alieleza.

"Waambie ulikuwa kwa Mungu," Winifred alisema.

"Sina kitufe cha hilo, bibi."

Nilimsindikiza mpaka garini. Jina lake lilikuwa Neville Hindmarsh, na mvua ilikuwa imepungua kiasi cha mtu kuweza kusimama nje akazungumza. Hakupanda gari mara moja.

"Kaka yangu alikufa Oktoba," alisema, akilitazama gurudumu. "Clive. Siku ya tatu nilikuwa tayari barabarani. Tangu siku hiyo sijakaa. Nikiwa nyumbani nawasha televisheni, nikiwa humu nawasha redio. Leo ndiyo mara ya kwanza hakuna kilichowashwa."

"Ulisali?"

"Sijui kama huko ndiko kusali. Nilimwona Clive akifunga kamba za viatu, basi. Kila siku picha hiyo ikija naikimbia. Leo sikukimbia."

Nilizungusha kikombe changu cha chai mikononi. Nimekulia kwenye mabenchi yale, na sikukumbuka hata Jumapili moja ambayo ningeweza kuisimulia kwa maneno machache na ya kweli kiasi kile.

"Mnakaa tena lini?" aliuliza.

"Jumapili ijayo."

"Jumapili ni mizigo. Na hii ya leo nitasemwa mpaka kesho." Alifungua mlango wa gari. "Siku nyingine makanisa yanafungwa. Napita kama kumi na mawili kwa siku, na kila mlango una karatasi. Piga namba hii, rudi siku ile. Siwalaumu. Alhamisi huwa napita hapa saa moja, naenda ghalani kuchukua mzigo, lakini saa moja nani yuko macho?"

"Nitafungua mimi," nilisema. "Alhamisi, saa moja mpaka saa moja na nusu. Nitakuwepo, tutakaa."

"Usijipe taabu, dada."

"Si taabu."

"Watu husema hivyo."

"Mimi nitakuwepo, Neville."

Ni rahisi kuahidi ukiwa umeshika kikombe cha chai ya moto.

Jumanne saa nane mchana, nikiwa bado nimevaa aproni ya dukani, barua pepe ya Manchester iliingia. Waliniita kwenye usaili Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi. Tulikuwa tumebaki wawili. Watoto kumi na mmoja wangekuwepo, nami ningewafundisha somo la nusu saa mbele ya jopo. Mama alinikumbatia jikoni, tukarukaruka kama watoto. Nilitafuta treni: ile ya saa kumi na mbili na dakika arobaini ingenifikisha kwa wakati, na inayofuata ingefika usaili umekwisha. Niliandika jibu kwamba nitakuja. Nilikuwa napiga mswaki nilipomkumbuka Neville.

Asubuhi ya Jumatano nilipiga simu ghalani kwao. Msichana aliyepokea alisema namba za madereva hazitolewi.

"Basi naomba umpe ujumbe."

"Unataka kuandikisha malalamiko?"

"Hapana. Nataka kumwambia jambo."

"Mfumo unapokea malalamiko tu, dada. Nikiandika malalamiko atayapata."

Nilimshukuru nikakata. Nilipiga Manchester kuuliza kama naweza kuja mchana. Wakasema kwa upole kwamba watoto wataondoka saa tano. Nilimpigia Amos, akapokea akihema, kondoo analia karibu na simu.

"Nina kondoo sitini ambao bado hawajazaa, Hester," alisema. "Nikikuambia nitakuwepo nitakuwa nakudanganya. Nikiweza nitakuja."

"Kama huna hakika, yeye atakuta mlango umefungwa."

"Ndiyo hivyo. Kondoo hajui Alhamisi."

Wengine wanne wa ibada yetu walikuwa wamekwenda kwenye harusi ya jamaa yao huko kusini. Siku za Alhamisi baba na mama huwa kazini kabla ya saa moja. Mama alisimama na koti lake mlangoni, akanitazama kwa huruma yenye haraka. "Andika karatasi uibandike," alisema. "Ni mtu mzima, ataelewa."

Nilijua ataelewa. Hilo ndilo lililonisumbua.

Nilibaki na Winifred. Yeye anakaa mwisho wa bonde, na Jumatatu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, hawezi kuendesha gari. Hata hivyo nilimpigia. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja.

"Haya, tukae," alisema.

"Kwenye simu?"

"Una pengine pa kwenda sasa hivi?"

Basi tukakaa. Nilisikia saa yake ya ukutani, nikasikia pumzi yake. Niliegemea kabati la jikoni nikiwa na simu sikioni. Baada ya muda nilidhani amelala.

"Winifred?"

"Nipo. Na Bwana yupo. Wewe umesikia nini?"

"Friji."

"Huo nao ni mwanzo."

"Nakuuliza, nifanye nini?"

"Sijui, mpenzi wangu. Unaweza kupanda treni ukajuta, unaweza usipande ukajuta. Mimi nimefanya yote mawili."

"Huo si msaada."

"Kweli, si msaada. Nimekaa nawe tu."

Nilikuwa karibu kulia, na nikilia huwa mkali. "Miezi tisa namngoja Mungu aniambie neno. Leo limekuja, na limekuja siku hiyohiyo. Ananichezea?"

"Miezi tisa ni mimba moja," alisema. "Nilirudi bonde hili nikiwa na miaka thelathini, nikamwuliza amenirudisha kwa nini. Nilimngoja miaka kumi na minne."

"Akakuambia?"

"Hata. Lakini nilizoea kumngoja, nikajikuta nampenda kuliko jibu. Sasa nenda ukale kitu. Hakuna anayesikia vizuri na njaa."

Nilikula mkate na jibini. Baada ya zamu yangu, kwenye saa kumi alasiri, niliketi mezani na kalamu nyeusi. Neville, samahani sana, limetokea jambo la muhimu zaidi. Nilifuta muhimu zaidi. Neville, samahani, imebidi. Nilifuta imebidi, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Karatasi ya nne ilikuwa na maneno saba na namba yangu ya simu. Nilichukua utepe wa gundi, nikapanda kilima kwenda kuibandika.

Mlango wa mbao wa nyumba ya ibada una vitundu vingi vya pini za matangazo ya zamani. Niliiweka karatasi juu yake nikaishika kwa kidole, nikarudi nyuma hatua moja nione kama inasomeka. Ilisomeka vizuri sana. Nikaitoa, nikafungua mlango, nikaingia kukaa kidogo kwanza.

Nilikuwa peke yangu mle. Jua la jioni lilikuwa limefika kwenye benchi la mbele. Nataka niseme ukweli hapa, kwa kuwa nimesikia watu wakisimulia mambo haya kwa namna inayowafanya wengine wajione wamepungukiwa: sikusikia sauti. Sikupata mstari wowote moyoni. Ila kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuwa natunga barua. Nilikuwa nimechoka kutunga. Nilimwona tu mtu akisimama mlangoni na kofia yake, akisoma maneno saba, akitikisa kichwa kidogo bila hasira, akirudi garini na kuwasha redio. Sikumwona zaidi ya hapo. Kisha picha ile ilikwenda, nikabaki na ubao wa sakafu, na jua, na Kristo, ambaye sikuwa na neno la kumwambia wala yeye hakuonekana kulihitaji. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinuka karatasi ilikuwa imekunjwa mkononi mwangu, wala sikumbuki niliikunja saa ngapi.

Nilipiga Manchester nikiwa kwenye ngazi za nje, kuwaambia kwamba siji, kabla ofisi hazijafungwa, na kabla sijajifikiria upya.

"Una hakika?" mwanamke aliyepokea aliuliza. "Mmebaki wawili tu. Na barua yako tuliipenda sana."

Laiti asingesema hilo.

"Nina hakika."

"Naweza kuuliza sababu?"

"Nilishaahidi kukaa na mtu asubuhi hiyo."

"Pole. Mgonjwa?"

"Hapana. Kukaa tu."

"Sawa," alisema mwishowe. "Nitaandika kwamba umejitoa."

Nililia nikishuka kilima, kilio cha kawaida cha mtu aliyepoteza kitu alichokitaka. Nyumbani nilimweleza mama. Hakunifokea. Aliniwekea sahani ya viazi kwa kishindo kidogo kuliko nilichostahili, akakaa upande wa pili wa meza.

"Kwa mtu wa kifurushi," alisema.

"Ndiyo."

"Unayemjua kwa kikombe kimoja cha chai."

"Ndiyo, mama."

"Si angeelewa tu."

"Angeelewa," nilisema. "Amezoea kuelewa."

Alinisogezea siagi.

Alhamisi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiko la kuni la nyumba ya ibada, nikipuliza moto, nilipoisikia treni ya saa kumi na mbili na dakika arobaini ikipita darajani. Niliacha kupuliza mpaka ilipopita. Kulikuwa na kiti changu ndani yake, au tuseme kiti kitupu. Nilirudi kupuliza.

Saa moja kamili niliacha mlango wazi kidogo ili taa ionekane kutoka barabarani, nikaketi. Hakuna aliyekuja. Saa moja na dakika kumi, hakuna aliyekuja. Amos naye hakutokea. Nilianza kusikiliza kila gari, na katika bonde letu saa hiyo magari ni machache, kwa hiyo kila moja lilikuwa kubwa masikioni mwangu. Moja lilipunguza mwendo kwenye kona, moyo ukanipanda, likaenda zake. Wazo liliingia, baridi na lenye akili: hatakuja. Amesahau. Alizungumza tu, kama watu wanavyozungumza kwenye mvua, na wewe umeacha watoto kumi na mmoja kwa ajili ya maneno ya barabarani.

Nililiacha wazo likae karibu yangu. Lilikuwa na haki ya kuwepo. Lakini nilijiuliza nilikuwa nimeahidi nini hasa, nikaona nilisema nitakuwepo mpaka saa moja na nusu. Sikusema nitakuwepo iwapo atakuja. Kwa hiyo kazi yangu ya asubuhi ile ilikuwa ndogo na nilikuwa tayari ninaifanya. Mabega yangu yalishuka. Kuni zilianza kushika moto vizuri. Mahali fulani mlimani mwanakondoo alilia akajibiwa, na nilimwomba Mungu amsaidie Amos, kisha nikamwombea yule mwingine wa Manchester, ambaye saa hiyo huenda alikuwa ndani ya treni akirudia somo lake kwa midomo. Nilimwombea kwa kweli. Nilishangaa kidogo. Baada ya hapo sikuomba kitu. Nilikaa tu, na ilikuwa vizuri kukaa.

Saa moja na dakika ishirini na nne gari lilisimama nje. Mlango wake ulibamizwa, hatua zikaja mbio juu ya changarawe, na Neville akaingia akihema, matope mpaka magotini.

Alifungua mdomo aeleze. Akaniona nimekaa, akaufunga. Akavua kofia, akavuka sakafu kwa kunyata, akaketi kwenye benchi linalotazamana na langu. Alitoa kimashine mfukoni, akakizima, akakiweka chini.

Zilikuwa zimebaki dakika sita. Nilifumba macho.